Sura ya Tisa: Mti Usio na Mapacha

"Mtoto wa nyoka ni yai," alisema Inspekta Felicitas Kokushubila.

Afande Mayala, mkuu wake wa upelelezi, aliacha kutia saini. Kalamu ilibaki hewani juu ya hati ya mashtaka.

"Unasemaje?"

"Umesema mtoto wa nyoka ni nyoka. Mimi nimekulia migombani, afande, nimeyaona. Kinachozaliwa ni yai. Likikosa joto linaoza, likikanyagwa linapasuka. Nyoka anakuja baadaye, kama anakuja."

Mayala alivuta jalada, akalifungua ukurasa wa tatu na kusoma kwa sauti ya karani wa mahakama. "'Mtuhumiwa anatoka katika ukoo wenye historia ya wazimu. Anakiri kusikia sauti zikimwita kwa jina lisilo lake.' Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza. Jana jioni nilirudi Usagara nikapanda lile jabali. Nimepoteza kucha mbili na nilikuwa nimevaa raba. Yule binti anaburuta miguu hata akienda chooni. Alipandaje?"

Jabali lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba ya Mzee Mashimba, mfugaji. Wana Usagara walilipanda kwa sababu moja tu: juu yake simu ilishika mtandao vizuri. Jumanne jioni Mwalimu Rugemalira, mstaafu wa miaka sitini na minane kutoka Mirongo, alikutwa chini yake, amekufa, fuvu limepasuka, simu yake vipande vipande.

Mwalimu hakwenda Usagara kutembea. Alitumwa na ukoo wake, ukoo wa Rwekaza. Kijana wao Muganyizi, mhandisi wa maji, alikuwa anamposa Gladness, binti wa Mashimba, mfamasia hapa mjini. Wahaya wale wa Kamachumu hawakupeleka mahari kabla ya mtu mzima mmoja kwenda kimya kimya kuuliza majirani: huko kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna kichaa?

Na kichaa kilikuwepo. Chini ya jabali, karibu na maiti, alikutwa amekaa msichana mmoja aitwaye Modesta, mgonjwa wa akili, ambaye familia ya Mashimba ilisema ni mtoto wa shangazi wanayemlea. Ndani ya gauni lake kulikuwa na daftari la marehemu. Wanakijiji walikuwa wameshaokota mawe, ndiyo maana aliletwa mjini. Ndani ya daftari Mwalimu alikuwa amechora mti wa ukoo: miraba kwa wanaume, maduara kwa wanawake, bila majina, miaka ya kuzaliwa tu. Wagonjwa aliwapaka wino mweusi. Walikuwa watatu.

Kila aliyeuona ule mti alisema neno moja: Mashimba. Felicitas alilisema wa kwanza.

"Gari la mahakamani linaondoka saa nane," alisema Mayala. "Sasa ni saa tatu kasoro. Zunguka utakako. Lakini nikuonye. Ukienda kuwasumbua wafiwa wa watu pale kwa Rwekaza, halafu ukakosea, utarudi sebuleni kwao upige magoti uombe radhi mbele ya waombolezaji. Nitakuja mwenyewe kushuhudia."

"Njoo na kiti, afande," alisema Felicitas, akachukua jalada.

*

Sajini Ngosha alikuwa ndani ya gari, mfuko wa karanga mapajani, maelezo ya mashahidi yametandazwa juu ya usukani. Alikuwa Msukuma wa Magu, mrefu mpaka magoti yakagusa redio.

"Washa gari," alisema Felicitas.

"Kwenda wapi?"

"Washa kwanza."

Ngosha aliwasha, lakini hakuondoka. "Nimesoma maelezo ya yule mzee mwenzenu, Rwekaza. Anasema kwao hakuna mgonjwa hata mmoja. Mdogo wake yuko Uswidi anasoma tangu mwaka tisini na moja." Alitupa karanga mdomoni. "Huyo sasa si mwanafunzi. Huyo ni jengo la chuo."

"Ngosha."

"Nakuja, afande. Hapa kuna kitu kingine." Aligonga karatasi kwa kidole chenye chumvi. "Mzee Mashimba anataja watoto wake. Luhaga, kazaliwa tisini na mbili. Gladness, tisini na sita. Kashindye, tisini na tisa. Watoto watatu. Sasa mapacha wako wapi?"

"Mapacha gani?"

Ngosha alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Kwetu Kashindye ni jina la anayefuata mapacha. Huliokoti njiani. Ukiona Kashindye, mbele yake wametangulia Kulwa na Doto, wawe hai, wawe kaburini."

"Siku mbili umekaa na karatasi hiyo."

"Siku mbili ulinituma kupima jabali kwa kamba."

"Labda karithi jina la bibi yake."

"Labda. Tumuulize mwenyewe."

Kashindye alikuwa na kibanda cha kutuma na kupokea pesa pale njia panda ya Usagara. Namba yake ilikuwa kwenye jalada. Ngosha alipiga, akaweka sauti ya wazi, akasalimia kwa Kisukuma, kisha akahamia Kiswahili ili mkuu wake asikie.

"Dada, Kulwa wenu ni nani?"

Nyuma lori lilipiga honi.

"Nani kawaambia?"

"Jina lako limetuambia."

Felicitas aligonga dashibodi kwa kucha zilizobaki.

"Kulwa ni dada Gladness," alisema Kashindye. "Doto ni Modesta. Si mtoto wa shangazi. Baba alisema tukimtaja tu, harusi imekufa. Akasema hata Mwalimu akiuliza tuseme watatu. Jamani, mtamfunga dada yangu?"

"Saa nane," alisema Felicitas, akainama karibu na simu. "Mimi ni Inspekta Kokushubila. Kama hutaki afungwe, mpigie baba yako simu sasa hivi. Daktari wa Modesta anahitaji ruhusa yake ili aongee na mimi."

Simu ilipokatika alifungua daftari la marehemu. Chini kabisa ya mti, kizazi cha mwisho: duara, mraba, duara. 1990, 1993, 1998. Alipitisha kidole mara mbili.

"Ngosha, onyesha mapacha hapa."

"Hawapo."

"Niliiona hii miaka haifanani na ya kina Mashimba. Nikajiambia vijijini watu hawajui walizaliwa lini." Alifunga daftari kwa kishindo. "Mwalimu wa hesabu miaka arobaini, aende kwenye nyumba yenye mapacha, arudi na mti usio na mapacha?"

"Alidanganywa kama sisi."

"Basi angekuwa na tisini na mbili, tisini na sita, tisini na tisa. Hata mmoja hayumo. Huu si mti wa Mashimba. Endesha."

*

Benchi la kliniki ya afya ya akili lilijaa mpaka nje. Daktari Rachel, mwanamke mfupi mwenye miwani kichwani, hakukaa. Aliongea akitembea, akitia saini kadi za wagonjwa zilizonyooshwa njiani.

"Baba yake amenipigia. Amelia. Kwa hiyo nitajibu, lakini haraka. Uliza."

"Modesta na Gladness ni mapacha wa kufanana?"

"Wa yai moja. Mama yao alikuja na cheti cha kuzaliwa na picha. Ukimtoa Modesta kilo za dawa na kumpa nywele, unapata Gladness."

"Basi damu ni moja. Kwa nini mmoja mgonjwa, mwingine anagawa dawa dukani?"

"Swali zuri. Kwa nini hukuliuliza kabla ya kumkamata?"

Felicitas alimeza hilo bila kulitafuna. "Sikujua wapo wawili. Niambie kama mtu wa kawaida."

"Mtu wa kawaida ndiye ninayemtibu." Daktari alisimama mbele ya dirisha. Nje upepo wa ziwani ulikuwa ukipeperusha shuka za wodi. "Umeshawahi kusukuma gari lililokwama?"

"Kila wiki," alisema Ngosha. "Gari letu la kazi."

"Basi. Hakuna kinasaba kimoja kinachoitwa kichaa. Vipo mamia, vidogo vidogo. Wewe unavyo, huyu sajini anavyo. Kila kimoja kinasukuma kidogo. Mtu mmoja hasukumi gari likaondoka. Wakiwa wengi, na barabara ikawa mteremko, linaondoka. Gladness na Modesta wana wasukumaji wale wale, kichwa kwa kichwa. Mteremko ndio haukuwa mmoja."

"Mteremko wa Modesta?"

"Alizaliwa wa pili, akachelewa kulia. Miaka minne alipata malaria ikapanda kichwani, wiki mbili hajitambui. Akiwa na miaka kumi na saba alipelekwa Sengerema kwa mjomba kusaidia kazi, mwenzake akabaki shule ya bweni. Huko Sengerema alipigwa, akafungiwa stoo, akaanza kuvuta bangi ili apate usingizi. Mwaka uliofuata akaanza kusikia sauti." Alitia saini kadi nyingine. "Usiniulize ni lipi kati ya hayo lililomwangusha. Sijui. Hakuna anayejua. Yanashikana mikono."

"Gladness naye ataugua?"

"Pacha wa namna hiyo mmoja akiwa na ugonjwa huu, uwezekano wa mwenzake kuugua ni chini ya nusu. Ingekuwa damu peke yake, wangeugua wote. Ingekuwa damu haimo kabisa, Gladness angekuwa na hatari sawa na mpita njia. Si hivyo wala si hivyo. Umri wa hatari zaidi ameshaupita nusu. Mwambie alale vizuri, asivute bangi, asiogope ndoa."

"Modesta angeweza kupanda jabali Jumanne?"

"Jumatatu nilimchoma sindano ya mwezi. Siku za mwanzo viungo vinamkakamaa. Kupanda? Hata kitandani anapandishwa."

Ngosha aliandika. Felicitas hakuwa amemaliza. Alitoa maelezo ya mtuhumiwa, yale ya mwandiko wake, akayashika kwa ncha kama kitu kinachonuka.

"Anasema sauti ilimwita Glady. Nikaandika anasikia sauti."

Daktari Rachel alishusha miwani kutoka kichwani, akaivaa, akasoma. Hapo ndipo aliposimama kweli.

"Sauti ya Modesta naifahamu, tunaishi nayo miaka minane. Ni bibi yake mzaa mama. Inamkaripia kwa Kisukuma, kwamba hajaosha vyungu. Ndiyo hiyo tu. Haijawahi kusema Kiswahili, haijawahi kumwita Glady." Alirudisha karatasi. "Mgonjwa wa akili naye ana masikio, Inspekta. Huwa anawasikia na watu wa kweli."

*

Saa tano na robo. Mahabusu ya wanawake ilinuka dawa ya sakafu. Modesta alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, miguu imenyooka. Felicitas alichuchumaa upande wa pili wa nondo. Kwenye jalada alikuwa na picha ya Gladness kutoka kadi ya uchumba. Aliinyanyua, akaitazama, akamtazama aliye mbele yake. Kichwa kilichonyolewa, mashavu yaliyovimba. Lakini mwanya ule ule kati ya meno ya mbele, na sikio la kushoto lililokunjika juu vile vile.

"Modesta, niliandika jambo lisilo kweli juu yako. Nisamehe."

Modesta alifikiri. "Umeleta chai?"

"Sajini ameifuata."

"Ya maziwa?"

"Ya maziwa. Niambie Jumanne. Mwalimu alikukuta wapi?"

"Pale ninapokaa. Alinisalimia." Alinyoosha vidole vyake vilivyokuwa vikitetemeka, akavikunja kimoja kimoja. "Watu hawanisalimii. Akauliza naitwa nani, nikasema Doto. Akacheka. Akasema, nilijua tu, huyu binti wa kibandani anaitwa Kashindye na mimi nimefundisha Shinyanga. Akasema msinifiche, na sisi tunao wagonjwa. Akanipa daftari nishike asije akaliangusha. Akapanda kwa mikono na miguu kupiga simu."

"Halafu?"

"Akaongea akagombana. Akakaa. Muda mrefu. Bibi alikuwa ananisema vyungu." Alinyamaza kama anayesubiri bibi amalize. "Akaja mtu nyuma yangu. Akasema, Glady, si ulisema uko kazini? Nikageuka. Akaruka nyuma kama kakanyaga moto. Halafu akapita akapanda."

"Ulimwona usoni?"

"Niliona miguu. Gambuti za njano."

"Ulivaa nini siku hiyo?"

"Gauni la Kulwa. Yote ninayovaa ni ya Kulwa. Na kitambaa kichwani."

Chai ilifika. Felicitas aliipitisha kati ya nondo, akashikilia kikombe mpaka vidole vile vilipokuwa vimekishika sawasawa.

Koridoni alitembea huku na huku, hatua sita kwenda, sita kurudi.

"Aliyemwita Glady anamjua Gladness mpaka kwa mgongo," alisema. "Na anamwita kwa jina la kubembeleza. Lakini hajui kama kuna pacha, la sivyo asingeruka. Watu wa nyumba ile wote wanajua. Majirani wanajua. Nani anayefika Usagara hajui?"

"Mkwe," alisema Ngosha.

"Muganyizi amezaliwa lini?"

Ngosha alifungua maelezo. Hakusoma kwa sauti. Aligeuza karatasi, akaweka kidole: 1993. Mraba wa katikati.

"Anasema alikuwa wapi?"

"Sengerema, kwenye mradi wa kisima. Anakiri Mwalimu alimpigia saa kumi, akamwambia ukoo wa msichana una kichaa, aachane naye. Ndiyo simu ndefu ya mwisho kwenye taarifa za kampuni ya simu. Baada yake ipo moja tu, saa kumi na mbili kasoro, kwenda kwa Gladness, haikupokewa. Muganyizi anasema alirudi mjini kwa kivuko cha Kamanga, cha saa kumi na moja."

Kivuko cha Kamanga kinamshusha mtu katikati ya jiji. Hapiti Usagara. Anayerudi kwa daraja ndiye anayepita njia panda ile, mita mia tano kutoka jabalini.

"Jumanne," alisema Felicitas, "nilianua nguo mara mbili. Upepo ulikuwaje ziwani?"

Ngosha alikuwa ameshaweka simu sikioni.

*

Nyumbani kwa Mzee Rwekaza, Kapripoint, turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukutani hadi kwenye mti wa mpera. Wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka, jeneza likisubiriwa kwa safari ya Kagera. Saa saba na dakika ishirini. Kwenye ngazi za nyuma jozi ya gambuti za njano ilikuwa imeoshwa, imegeuzwa juu chini, inakauka. Felicitas alizipita bila kupunguza mwendo. Ngosha alizipita, akazipiga picha.

Afande Mayala alikuwa ameshafika. Alikaa sebuleni karibu na mlango, kofia gotini. Mtu alikuwa amempigia.

"Shikamoo, Ta Rwekaza," alisema Felicitas, akimpa heshima ya Kihaya. "Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa." Mzee Rwekaza, suti nyeusi, fimbo yenye kichwa cha fedha, alisogeza kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Felicitas alichukua punje mbili, kama inavyopasa, akaziweka mdomoni. Dada mzee wa Rwekaza, Ma Prudencia, alikuwa kochini, rozari mkononi. Muganyizi alisimama nyuma ya baba yake, macho mekundu.

"Sitawachelewesha. Nina maswali machache kwa Muganyizi."

"Uliza, dada," alisema Muganyizi. "Ingawa nasikia mmeshampata."

"Umewahi kumwona Modesta?"

"Sijawahi. Nimemsikia jana tu."

"Jumanne ulivuka na kivuko cha saa kumi na moja."

"Ndiyo."

"Watu walikuwa wengi?"

"Kawaida. Nilikaa juu, nikanywa soda, nikashuka mjini."

"Soda gani?"

"Sikumbuki. Ya nanasi."

"Umekumbuka mengi, maana kivuko hakikuwepo. Jumanne mawimbi yalizuia safari tangu saa tisa mpaka Jumatano asubuhi. Wameandika kwenye kitabu cha gatini, na abiria themanini walilala ng'ambo. Ulikuja kwa daraja. Ukafika njia panda ya Usagara. Ulimwita nani Glady?"

Muganyizi alimtazama baba yake.

"Huyo kichaa ndiye kawaambia?" alisema. "Mnachukua ushahidi wa kichaa?"

"Sijakwambia nani kaniambia," alisema Felicitas.

Rozari ya Ma Prudencia ilisimama.

Felicitas alifungua daftari, akaliweka juu ya meza, mbele ya kikapu cha kahawa. "Ta Rwekaza, wewe ulimtuma Mwalimu akachunguze. Mimi nilidhani mti huu ni wa kina Mashimba. Wale wana mapacha, huu hauna. Hauna majina, na mimi sitataja jina hapa. Soma miaka tu."

Mzee alivaa miwani. Macho yake yalishuka kwenye ukurasa, mstari kwa mstari. Mraba mweusi, 1934. Duara jeusi, 1959. Mraba mweusi, 1963. Kwenye huo wa mwisho fimbo iliteleza mkononi mwake, ikagonga sakafu.

"Rugemalira," alisema taratibu. "Nilimtuma kwao. Nani alimtuma kwetu?"

"Hakuna aliyemtuma," alisema Ma Prudencia ghafla. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mimi ndiye niliyemhesabia. Alisema hawezi kuuliza ya watu akaficha yetu. Nikamwambia yote. Yule wa nyumba ya nyuma Kamachumu nampelekea chakula mimi, Rwekaza. Uswidi yako naipakulia ndizi mimi kila nikienda kijijini."

Nje, chini ya turubai, mazungumzo yalikatika kiti baada ya kiti.

"Alinipigia," alisema Muganyizi. Alikuwa akiongea na mgongo wa baba yake. "Hakuniambia niachane naye. Alisema niende nikamwambie Gladness habari zetu kabla ya mahari, na wao watatuambia zao, tuoane tukijua. Akasema atasubiri jabalini mpaka jioni nimjibu, nisipoenda atampigia yeye. Nilifika akiwa ameshika simu inaita. Nilitaka simu tu. Nilivuta, akarudi nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu."

"Ukashuka."

"Nikashuka."

"Ukampita msichana amekaa pale pale. Jana uliposikia amekamatwa, ulifanya nini?"

Muganyizi aliangalia mlango wa nyuma.

"Ulikuja kuandika maelezo," alisema Felicitas. "Kurasa mbili. Mwandiko mzuri. Sajini, mchukue. Na zile gambuti."

Afande Mayala alikuwa amesimama. Alitoa simu mfukoni, akageukia ukuta. "Zuieni gari. Ndiyo, hilo la saa nane. Yule binti asipande. Mpigieni baba yake aje amchukue. Nimesema asipande."

Ngosha alimtoa Muganyizi kwa mlango wa nyuma, mkono begani, bila pingu mpaka walipofika nje. Waombolezaji waliwapisha. Felicitas alichukua daftari mezani.

"Subiri," alisema Mzee Rwekaza.

Alikuwa ameokota fimbo. Alijinyoosha, na kwa kitambo akawa tena yule mwenyekiti wa vikao vya ukoo.

"Kijana wangu yuko mkononi mwa sheria, mkono huo sitaushika. Lakini wewe ni mtoto wa nyumbani. Mimi na baba yako tulikaa dawati moja. Ungeweza kuniita pembeni. Badala yake umefungua mlango wa nyumba yangu ya nyuma mbele ya wageni, na maiti ya ndugu yangu haijazikwa. Kesho nani ataoa kwangu? Nani ataolewa? Kwetu jambo kama hili lina utaratibu wake. Unapiga magoti, unaomba radhi, tunalimaliza hapa hapa."

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Ma Prudencia alitazama rozari yake. Afande Mayala, aliyekuja kushuhudia, alitazama kofia.

Felicitas alitema punje za kahawa kiganjani, akazifunga kwenye kitambaa, akakiweka mfukoni.

"Ta Rwekaza, kuna mtu mmoja aliyestahili kuombwa radhi katika kesi hii. Nilimwomba leo saa tano, akaniuliza kama nimeleta chai. Mdogo wako aliyeko Kamachumu ni wa pili, ila huyo ni deni lako, si langu. Nakuheshimu. Magoti sipigi. Radhi siombi."